Vijiko 31 vya ukumbusho: shajara ya kuvitambua, kuvisafisha na kuvitengenezea sanduku

14 Septemba 2024: Sanduku la viatu, dola 140

Nimerudi nyumbani na sanduku la viatu lililojaa vijiko vya ukumbusho vya Marekani, 31 kwa hesabu. Hapa Lowell, Massachusetts, mzee akifariki au akihamia makao ya wazee, mara nyingi vitu vyake huuzwa humo humo ndani ya nyumba, Jumamosi asubuhi, chumba baada ya chumba. Mimi nilifuata meza ya useremala. Nilipofika meza ilikuwa imeshabebwa, nikabaki nazungukazunguka jikoni. Muuzaji alitaka 160 kwa sanduku zima, nikasema 120, tukamalizana kwa 140 na magazeti ya kufungia juu yake.

Vingi ni vyeusi kama masufuria ya kuni. Kilichonitoa pochi mfukoni ni kimoja tu: kwenye mpini amesimama mwanamke mwenye kofia ndefu na ufagio, kisha pini tatu na neno SALEM.

Nilimpigia mama Mombasa.

"Vijiko vya kulia?"

"La, mama. Vya kuwekwa."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo umetoa fedha, ukanunua fedha, na huwezi kuila wala kuitumia."

Sikuwa na jibu.

Kwa asiyevijua: vijiko hivi vilikuwa homa ya Marekani kuanzia mwisho wa miaka ya 1880. Duka la Galt la Washington lilitoa kijiko chenye kichwa cha George Washington mwaka 1889. Kisha ikaja Salem, mji wa hapa Massachusetts, ambako sonara Daniel Low aliandikisha alama ya kijiko chake cha mchawi Januari 1891. Wazo lilitoka safarini Ulaya, na mchoro ni wa mwanawe Seth. Baada ya hapo kila mji wenye stesheni ukataka chake, na Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893 yakazidi kuchochea. Reli zilikuwa zimefika, watu wa kipato cha kati walikuwa wanasafiri, na fedha yenyewe ilikuwa nyingi kupita kiasi. Comstock, hazina kubwa ya madini ya fedha ya Nevada, iligunduliwa mwaka 1859, Colorado ikafuata, bei ikaporomoka: mwaka 1890 wakia moja ilikuwa zaidi ya dola moja, mwaka 1894 ilikuwa chini ya senti 70. Kijiko kilikuwa kitu kidogo, cha thamani, kinachoingia mkobani. Kanga ya Mombasa inayorudi bara na mgeni wa likizo hufanya kazi hiyo hiyo.

Mpango: kutambua kila kijiko ni cha nani na ni cha nini, kukisafisha, na kutengeneza sanduku la kuvilaza kabla ya Krismasi. Bajeti ni dola 200, vijiko vikiwemo. (Msomaji atakayeruka hadi mwisho ataona bajeti ilivyokwenda.)

22 Septemba 2024: Sumaku ilinidanganya, na mwaka 1847 pia

Kosa la kwanza lilikuwa sumaku. Nilipitisha sumaku ya friji juu ya vijiko vyote, hakuna kilichonata, nikafurahi kwamba nina vijiko 31 vya fedha. Furaha ya nusu saa. Vijiko vya kuchovya (vilivyopakwa fedha nyembamba kwa juu tu) vya Marekani mara nyingi ndani yake ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, unaoitwa fedha ya Kijerumani ingawa hauna fedha hata chembe, na sumaku haiugusi. Sumaku inakwambia tu kwamba kitu si cha chuma.

Kosa la pili ni la kusoma. Vijiko sita vina maandishi "1847 ROGERS BROS." mgongoni. Nikaandika kwenye daftari: "Vya mwaka 1847, vya kale kuliko vyote!" Kimoja kati yake kina picha ya mnara na tufe la Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1939. Nilikaa nacho mkononi kama mtu aliyekabidhiwa cheti cha kuzaliwa cha babu chenye picha ya simu ya mkononi. 1847 ni jina la biashara: ni mwaka ambao ndugu wa ukoo wa Rogers walianza kuuza vijiko vya kuchovya kwa umeme huko Hartford, Connecticut. Jina liliendelea kugongwa vizazi na vizazi, na kuanzia mwaka 1898 likawa chini ya International Silver ya Meriden. Ukiona 1847, elewa ni ya kuchovya.

Kosa la tatu lilinigharimu jioni nzima. Vijiko vitatu vina alama ndogo za simba, nanga na herufi G. Simba kwa Waingereza ni alama ya fedha halali, nanga ni alama ya mji wa Birmingham. Waingereza huonyesha mwaka kwa herufi, nikatafuta G ya Birmingham, nikapata miaka kadhaa inayowezekana, nikachagua niliyoipenda. Kumbe ni Gorham wa Providence, Rhode Island, kiwanda kilichoanzishwa na Jabez Gorham mwaka 1831. Nanga ni ya Rhode Island, G ni ya jina lake, na simba amewekwa apendeze machoni pa wateja waliozoea alama za Kiingereza. Neno STERLING lililo kando (yaani fedha ya 925, sehemu 925 za fedha halisi kati ya 1,000) lingenizindua, maana Waingereza hawana kawaida ya kuliandika. Marekani haijawahi kuwa na ofisi ya serikali ya nchi nzima ya kupima na kugonga fedha. Baltimore ilijaribu ya kwake kati ya 1814 na 1830, basi. Kwingine ilikuwa neno la mtengenezaji, hadi sheria ya mwaka 1906 ilipoanza kuwabana waliogonga alama za uongo.

Alama zilizonisaidia: simba ndani ya T ni Towle wa Newburyport; mioyo mitatu ni Paye & Baker wa North Attleboro; tai, R na simba ni Reed & Barton wa Taunton. Kaa na lenzi ya sonara, taa ya pembeni, na subira.

Sasa njia iliyofanya kazi kwa visivyo na maandishi au vyenye maandishi yaliyolika. Nunua mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu (yangu dola 14). Pima kijiko kikavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, funga kijiko kwa uzi na ukizamishe chote bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Namba utakayoona ni ujazo wa kijiko. Gawa uzito kwa ujazo. Fedha ya 925 hutoa 10.3 na ushee, kijiko cha kuchovya hutoa kama 8.6.

Mara ya kwanza kijiko chenye STERLING wazi kabisa kilinipa 21.74 kwa 2.40, yaani 9.06. Nikadhani nimeibiwa na watu waliokufa zamani. Kumbe vipovu vya hewa vilikuwa vimejificha ndani ya nakshi. Nikatia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji, nikakitikisa kijiko, namba ikashuka hadi 2.10. Jibu: 10.35.

Hesabu ya mwisho: 18 vya fedha ya 925, 12 vya kuchovya, na kimoja kisicho na alama yoyote kilichonipa 10.31.

6 Oktoba 2024: Kovu

Kile kisicho na alama ndicho kizuri kuliko vyote isipokuwa mchawi. Hakikutoka mashinini. Mgongoni pana mabonde madogo ya nyundo, ukingo haukunyooka, na mpini umegongwa mishale miwili kwa mhuri wa mkono, mmoja umeingia ndani zaidi kuliko mwenzake. Hii ni kazi ya aina ya Wanavaho wa kusini-magharibi, ambao walijifunza ufuaji fedha kwa mafundi wa Kimeksiko katika karne ya 19, wakafua sarafu, na reli ilipoleta watalii wakaanza kuwafulia vijiko.

Sarafu za fedha za Marekani zilikuwa 900 kwa 1,000 tangu mwaka 1837. Nilitaka kujua kama hiki ni 900 au 925, na maji hayawezi kutofautisha hizo mbili. Nikanunua tindikali ya kupimia fedha pamoja na jiwe lake, dola 22. Maelekezo yalikuwa marefu, nikayaruka. Nikadondosha tone moja kwa moja mgongoni mwa mpini.

Likageuka jekundu la giza, kama damu ya siku ya pili. Nilipofuta, pakabaki doa la kijivu lenye mikwaruzo midogo, ukubwa wa punje ya mtama, mahali ambapo kwa zaidi ya miaka mia hapakuwa na kitu. Na jibu lenyewe halikunisaidia: kwa macho yangu rangi ya 900 na ya 925 ni mamoja.

Nilimpigia mjomba, ambaye alikaa duka la usonara Mji wa Kale zaidi ya miaka thelathini. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, tindikali huwekwa juu ya jiwe. Si juu ya mali ya watu."

Njia sahihi, kama alivyonielekeza: sugua sehemu isiyoonekana juu ya jiwe jeusi ibaki alama ya mstari, kando yake sugua kitu unachokijua, ndipo utone kwenye mistari yote miwili na kulinganisha. Kijiko hakioni tindikali kabisa. Nimeifunga chupa, sitaigusa tena. Kovu nimeliacha, kulisugua ni kuondoa na alama za nyundo zilizo jirani yake.

Wiki hii pia nilipita kwenye duka linalonunua dhahabu na fedha, kuuliza tu. Vijiko 18 vina gramu 327, ambazo fedha halisi ndani yake ni kama wakia 9.7 za masonara. Mwenye duka alinipa bei ya 205 bila kutazama hata kimoja, alitazama mizani. Si kosa lake, ndiyo kazi yake. Januari 1980, wakati ndugu wa familia ya Hunt wa Texas walipokuwa wamerundika fedha na wakia ikakaribia dola 50, vyombo vingi vya namna hii viliingia tanuruni. Nilivifunga nikatoka.

19 Oktoba 2024: Salem, siku mbaya kuliko zote

Nilitaka kuona alikotoka mchawi wangu. Kutoka Lowell kwa treni unakwenda hadi North Station, Boston, halafu unapanda nyingine ya kaskazini. Ambalo sikulifikiria ni kwamba Jumamosi ya Oktoba dunia nzima inakwenda Salem kwa ajili ya Halloween, sikukuu ya kujivika kama wachawi na mizimu. Nilisimama njia nzima katikati ya watu waliovaa kofia ndefu nyeusi. Nauli na chakula: dola 38. Ukitaka kuiga safari hii, nenda Machi.

Duka la Low lilikuwa pembeni mwa mitaa ya Essex na Washington, katika jengo lililokuwa la Kanisa la Kwanza la Salem. Jengo lipo. Nilisimama mbele yake na kijiko mfukoni nikiwa nimekifunga kwenye soksi, nikipigwa vikumbo.

Pini tatu za kwenye mpini zinatokana na pini zilizoletwa mahakamani mwaka 1692 kama ushahidi kwamba washtakiwa walikuwa wakiwachoma watu kwa uchawi. Watu 19 walinyongwa, mmoja akakandamizwa kwa mawe hadi kufa. Miaka mia mbili baadaye pini hizo zikawa pambo la kijiko cha chai, na kijiko kikauzwa sana hata Low akatoa mchoro wa pili mwaka 1893. Sijui kama msomaji wa Pwani au wa Sukuma anaweza kulipokea hili kirahisi. Kwetu mtu akiitwa mchawi leo jioni, kesho asubuhi anaweza kuwa hana nyumba. Nilipomtumia mama picha alijibu kwa sauti, sekunde nne: "Hicho usije nacho kwangu." Halafu ya pili: "Na kwa nini ana ufagio, ungo umekwenda wapi?"

Lakini Salem ilikuwa na jingine la kunionyesha. Kabla ya kuwa mji wa wachawi wa kuuza, ulikuwa mji wa mabaharia, na mabaharia hao walikuwa Unguja. Seyyid Said alitia saini mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na konsuli wao wa kwanza Zanzibar, aliyefika mwaka 1837, alikuwa Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem. Walichukua pembe, karafuu na sandarusi. Walileta pamba iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, kitambaa kigumu kisichopaushwa ambacho hadi leo tunakiita merikani. Nimekaa Lowell, mji wa viwanda vya pamba, na nimekua nikisikia neno merikani likitajwa kwa godoro na sanda, na sikuwahi kuyaweka mawili hayo pamoja mpaka nikasimama kwenye gati la Salem na kijiko ndani ya soksi.

Kijiko chenyewe hakikufuliwa Salem. Low aliuza; aliyefua ni Durgin wa Concord, New Hampshire, na D yake ya mapambo iko mgongoni, ndogo kama mbegu ya ufuta.

10 Novemba 2024: Mchawi ameoga

Hili ndilo ingizo ninalotaka msome kwa makini, kwa sababu kosa lake halirudi nyuma.

Kila mtu mtandaoni anasifu njia ya foili. Unatandika foili ya alumini ndani ya bakuli, unamwaga maji ya moto, magadi soda na chumvi, unalaza fedha juu ya foili. Weusi wa fedha ni salfa iliyoshikamana nayo, alumini huinyang'anya. Harufu ya yai viza inapanda na kijiko kinakuwa cheupe mbele ya macho yako. Nilijaribu kwa kijiko cha kuchovya, kikang'aa kwa dakika mbili. Nikalewa. Nikatumbukiza tisa kwa mpigo, mchawi akiwemo, na kile cha Niagara chenye maporomoko ya enameli ya buluu.

Nilipovitoa, mchawi hakuwa na uso. Alikuwepo, bado ana kofia na ufagio, lakini kila kitu kilikuwa cheupe sawasawa, kama picha iliyopigwa na jua limemkabili mpiga picha. Na kwenye Niagara kipande cha buluu, chembamba kama gamba la dagaa, kilikuwa kinaelea juu ya maji.

Ningejua vinavyotengenezwa, nisingefanya. Fundi huchonga umbo kwenye kalibu ya chuma kigumu, kazi ya siku nyingi ya mtu mmoja. Bamba la fedha hupitishwa kwenye roli, hukatwa vipande vyenye umbo la kijiko bapa, kisha nyundo nzito huachiwa kutoka juu na kalibu inagonga nakshi kwenye mpini. Baadaye tumbo la kijiko linabonyezwa, kingo zinapunguzwa, kinang'arishwa. Na hatua ya mwisho kwenye vingi ni hii: kijiko hupakwa dawa yenye salfa kiwe cheusi, halafu sehemu zilizoinuka hufutwa. Weusi unabaki mabondeni kwa makusudi. Ni kama wanja. Mimi nilidhani ni uchafu wa miaka 130, nikamwosha mwanamke wanja wake.

Kalibu ilikuwa ghali, kwa hiyo mpini mmoja ulitumika kwa miji mingi, na jina la mji likachongwa tumboni, mara nyingi na sonara wa mji huo huo. Nina kijiko chenye mchimba madini na sururu mpinini, na tumboni kimechongwa "Leadville" kwa mkono. Mchongaji alianza na L kubwa yenye mikia, akajiachia, na alipofika "ville" nafasi ikawa imekwisha: ile e ya mwisho imebanwa ukingoni, imelala kidogo. Leadville ni mji wa fedha wa Colorado. Mwaka 1893 serikali ilipofuta sheria iliyoilazimu kununua fedha kila mwezi, migodi mingi ya huko ilifungwa. Kijiko hiki hakikuwa kwenye foili, nashukuru.

Urekebishaji. Sikutaka kununua dawa ya salfa kwa ajili ya kijiko kimoja, na mjomba alinikumbusha kwamba yai lina salfa. Nilichemsha yai hadi likakauka kabisa, nikaliponda kiini kikiwa cha moto, nikakiweka kwenye mfuko wa plastiki unaofungika pamoja na kijiko cha kuchovya cha kujaribia, visigusane. Saa moja: rangi ya manjano. Saa tatu: kahawia. Usiku mzima: kijivu cha mkaa, lakini kwa mabaka, kwa sababu mvuke ulikuwa umetonesha matone kwenye mpini. Jaribio la pili nilikitundika kijiko kwa uzi katikati ya chupa ya jemu, yai chini, na kipande cha karatasi ya jikoni kikinyonya unyevu. Kikatoka sawasawa.

Ndipo nikamtia mchawi. Saa tisa. Kisha nikafuta sehemu zilizoinuka tu, kwa kidole kilichofungwa kitambaa cha pamba na tope la unga wa chaki na maji yale yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa ajili ya pasi. Uso umerudi. Nikiulizwa, nitasema uso huu ni wangu na si wa Durgin: weusi wake una ubaridi, wakati ule wa zamani ulikuwa na joto la kahawia kwenye mikunjo ya gauni. Aliyevizoea atauona.

Enameli haikurekebishika. Fundi niliyemwuliza alitaka dola 95, nikakataa. Gamba la buluu liko kwenye bahasha ndogo, pamoja na kijiko chake.

Njia ninayotumia sasa kwa vyote: maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, brashi laini ya watoto ya meno, kausha papo hapo. Penye weusi mbaya tu, tope la chaki, na unaacha mabonde yalivyo. Vijiko vyenye matumbo yaliyochovywa dhahabu (ninavyo vitano) havisuguliwi tumboni hata mara moja. Dhahabu iliwekwa kwa urembo na kwa sababu yai na chumvi haviiwezi, lakini ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Chaki na vitambaa: dola 11.

11 Januari 2025: Mipira

Krismasi imepita, sanduku la kufaa bado sina, na nina jambo la kukiri.

Mwishoni mwa Novemba nilitengeneza sanduku la mbao za mwaloni zilizobaki kazini, nikalitandika kitambaa cha kijani cha sufu nzito, kile cha meza za biliadi (dola 18), na kwa kuwa vijiko vilikuwa vinateleza nikavikaza kwa mikanda ya mpira. Lilipendeza. Nikalifunga, nikaliweka juu ya kabati.

Leo nimelifungua. Kila kijiko kina mstari mweusi unaokata mpini, upana wa mkanda wa mpira, umenyooka kama uliopigwa rula. Mpira hutiwa salfa kiwandani ili uwe mgumu. Sufu nayo ina salfa yake, kwa hiyo migongo ya vijiko imeingia umanjano wote. Mwaloni hutoa mvuke wa tindikali ambao si rafiki wa metali nyingi. Yaani nilijenga, kwa mikono yangu, toleo kubwa la ile chupa ya jemu yenye yai.

Mistari ya vijiko 24 ilitoka kwa chaki. Saba imebakiwa na kivuli, vinne vya kuchovya na vitatu vya fedha, na sitaendelea kuvisugua.

15 Machi 2025: Merikani

Sanduku la pili limekamilika. Mbao ni za mpopla, dola 27. Ndani nimetandika pamba isiyopaushwa, yadi tatu, dola 18, niliyoifua mara mbili kwa maji moto bila dawa ya kulainisha. Badala ya mikanda nimeshona vifuko virefu kwa mkono, kila kijiko kinaingia chake hadi shingoni, kichwa nje. Kwenye pembe nimeweka vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya.

Pamba niliichagua kwa sababu haina salfa. Nilipokuwa naifua ndipo nilipoinusa: ile harufu ya unga na vumbi ya kitambaa kipya cha godoro. Ni merikani. Mchawi wa Salem amelala juu ya merikani, Lowell, katika jimbo lile lile ilikofumwa ile ya zamani.

Gharama zote: vijiko 140, mizani 14, tindikali na jiwe 22, chaki na vitambaa 11, sufu iliyoharibika 18, Salem 38, mpopla 27, pamba 18. Jumla 288. Mayai sikuhesabu.

Mpangilio ndani ya sanduku: Paye & Baker vinne, Gorham vitatu, Watson wa Attleboro vitatu, Towle viwili, Durgin kimoja, Reed & Barton kimoja, na vinne vyenye STERLING bila jina. Cha Wanavaho kina kifuko chake peke yake, kovu likiangalia chini. Vya kuchovya viko safu ya nyuma, kile cha 1939 kikiwemo, na si kwa kudharauliwa. Kile cha mnara na tufe kinapendwa na kila mtoto anayefika hapa.

Kifuko kimoja kiko wazi. Mwezi uliopita nilimtumia mjomba kijiko kidogo cha kahawa cha Paye & Baker, mpini wenye maua, tumboni kimeandikwa Boston. Alinitumia picha ya mioyo mitatu mgongoni aliyoipiga kupitia lenzi yake ya zamani, akasifu kalibu, akasema mng'arishaji alikuwa na haraka upande wa kushoto. Ni kweli, nimetazama picha tena, ana haki. Nikamwuliza kama anakikorogea kahawa.

"Kahawa yetu haina sukari, nikoroge nini?"

Anakichotea chokaa ya tambuu. Nimemwandikia kumwuliza kama huwa anakiosha baada ya hapo. Hajajibu.